Unyoya Uliobanduka na Vanishi Yake

Jioni ya leo nimeokota mshale nyuma ya shabaha, nikaukuta na manyoya mawili badala ya matatu. Unyoya wa tatu ulikuwa majanini hatua chache kutoka hapo, mzima, haukuvunjika wala kuchanika. Nilipoutazama chini ya taa niliona jambo ambalo limenishughulisha hadi usiku huu: kwenye uti wake ulining'inia ukanda mwembamba wa vanishi, mrefu kama unyoya wenyewe. Gundi ilikuwa bado imeshika barabara. Kilichoachia ni vanishi, iliyobanduka kwenye mti wa mshale.

Kwa miezi mingi nimekuwa nikiulizia madukani gundi yenye nguvu kuliko zote, kumbe swali lenyewe lilikuwa pungufu. Gundi nyeupe ya mbao hushika vizuri sana mti mtupu, kwa kuwa maji yake hunywewa na nyuzi za mti, lakini juu ya vanishi maji hayo hayana pa kwenda, na unyoya hukaa kwenye kibanio muda mrefu ukiwa bado unateleza. Super Glue hukauka kwa sekunde chache, na wepesi huo hunivutia giza linapokaribia; hata hivyo ikishakauka hukakamaa, na mshtuko wa mshale unapogonga shabaha huweza kuipasua. Gundi ya seluloze, ile yenye harufu kali ya asetoni, huniweka dakika 15 kwa kila unyoya, yaani robo tatu ya saa kwa mshale mmoja, lakini ikikutana na rangi ya jamii yake huiyeyusha kidogo na vikaungana vikawa kitu kimoja. Juu ya poliuretani, vanishi ya jamii ya plastiki, hukaa tu juujuu. Na mti uliopakwa mafuta mabichi hukataa gundi karibu zote.

Wahadzabe, wawindaji wa Ziwa Eyasi nchini Tanzania, hufunga manyoya kwa kano za mnyama, ambazo hulainishwa kwa kutafunwa, kisha zikikauka hujikaza zenyewe. Yule mtu wa kale aliyegunduliwa mwaka 1991 katika barafu ya milima ya Alpi, aliyeishi yapata miaka 5,300 iliyopita, alitumia vyote viwili: manyoya ya mishale yake yalibandikwa kwa lami ya gome la mti, kisha yakazungushiwa uzi mwembamba. Namheshimu sana kwa hilo, kwa sababu uzi hubeba mzigo ambao gundi peke yake ingeubeba kwa shida.

Kwa hiyo nimekwangua vanishi yote sehemu ya manyoya, nikapitisha msasa laini na kuifuta kwa spiriti. Nitabandika kwa gundi ya mbao juu ya mti mtupu, nizungushe uzi kwenye ncha ya mbele ya kila unyoya, kisha niweke tone la gundi juu ya ncha hiyo ili isije ikachoma mkono ulioshika upinde mshale unapopita. Vanishi itapakwa mwishoni, kwa brashi nyembamba katikati ya manyoya, maana masika yamekaribia na mti mtupu hunywa unyevu.

Unyoya wa kwanza uko kwenye kibanio sasa. Ni uleule wa majanini, kwani ni wa bawa la kushoto kama wenzake, na nisingependa kuuchanganya mshale huu na manyoya ya bawa la kulia, yanayopinda upande mwingine. Nitaufungua asubuhi.