Tafakari ya Majilio: Kungoja kwa Mikono

Somo: Luka 2:1–20

“Akamzaa mwanawe, kifungua mimba, akamvika nguo za kitoto, akamlaza katika hori ya kulia ng’ombe, kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni.” (Luka 2:7)

Wapendwa katika Bwana,

Mtoto wa miaka minne hajui wiki nne ni kitu gani. Mwambie leo kwamba Krismasi bado siku 25, na kesho asubuhi atakuuliza kama imefika. Mahubiri juu ya subira hayatamsaidia. Anachohitaji ni kitu cha kushika, kinachobadilika kidogo kidogo mbele ya macho yake, mpaka siku yenyewe ifike.

Mwaka 1839 huko Hamburg, Johann Hinrich Wichern, mwanateolojia wa Kilutheri aliyekuwa akilea watoto maskini, alilifahamu hilo. Alichukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa: midogo ya siku za juma, na minne mikubwa ya Jumapili. Kila siku mshumaa mmoja zaidi uliwashwa, na watoto wakaona kwa macho yao safari imefika wapi. Shada la Majilio lenye mishumaa minne tunayoiwasha leo limetokana na gurudumu lile. Penye watoto wadogo, mshumaa huwashwa mtu mzima akiwa amekaa hapo hapo, na huzimwa kabla hajainuka. Majani mabichi ya shada hukauka, na kufikia juma la tatu yanashika moto upesi sana. Kwa walio chini ya miaka mitatu tunapendelea miali ya karatasi ya rangi ya machungwa, inayobandikwa juu ya mshumaa wa karatasi kila Jumapili. Mtoto anaibandika mwenyewe, jambo asiloweza kulifanya kwa kiberiti.

Wengine hupenda mnyororo wa karatasi, wenye pete moja ya kukata kila jioni. Pete 24 zinatosha ukianzia tarehe 1 Desemba. Lakini Majilio yenyewe huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, ambayo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, kwa hiyo huwa na siku 22 hadi 28. Fungua kalenda kwanza, ndipo ukate karatasi. Vipande vya sentimita 3 kwa 20 vinafaa. Maneno ya kila siku (mstari mfupi, au jambo dogo la kutenda) yaandikwe kabla ya kubandika, maana baada ya hapo hayaandikiki. Gundi ndiyo inayowashinda watoto: wanapaka nyingi, karatasi inalowa, pete inateleza na kufunguka. Tone moja linatosha, kisha mtoto abane ncha mbili kwa vidole huku akihesabu hadi 20.

Kazi tunayoipenda kuliko zote kwa majira haya ni mapambo ya kinyunya cha chumvi, kwa sababu haiharakishiki hata ukitaka. Vipimo ni vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, na maji ya uvuguvugu kati ya robo tatu ya kikombe na kikombe kizima. Maji hutiwa kwa awamu. Ukimpa mtoto jagi lililojaa atalimimina lote, na kinyunya kitang’ang’ania vidole. Likitokea hilo, usiongeze unga peke yake. Ongeza unga na chumvi kwa uwiano ule ule, viwili kwa kimoja. Unga uwe wa kawaida. Ule uliokwisha kutiwa kiumuo huvimba ukiokwa, na nyota yako itatoka haina pembe. Chumvi ya punje kubwa nayo haiyeyuki vizuri. Hubaki ikikwaruza juu ya pambo.

Kanda kwa dakika 10, mpaka kinyunya kiwe laini kama ndewe ya sikio. Dakika hizo 10 ni hazina. Mikono ya mtoto ina kazi, masikio yako wazi, na hakuna anayemwambia atulie. Simulia Luka 2 hapo, polepole, kwa maneno yako, kuanzia amri ya Kaisari Augusto hadi wachungaji kurudi makondeni. Torati yasema maneno ya Bwana yanenwe “uketipo katika nyumba yako” (Kumbukumbu la Torati 6:7), na kuketi huku mkikanda unga kumo humo. Mtoto akikukatiza kwa maswali, jibu swali, hadithi haikimbii.

Sukuma kinyunya kifikie unene wa milimita 5 au 6. Watoto hukandamiza upande mmoja kuliko mwingine, na pambo lenye unene usio sawa hukauka upande mmoja kwanza, likapasuka. Weka vijiti viwili vyenye unene unaoutaka, kimoja kila upande wa kinyunya, mpini wa kusukumia upite juu yake; hapo hata mtoto wa miaka mitatu atasukuma sawasawa. Kata maumbo, kisha toboa tundu la uzi kwa mrija, sentimita 1 kutoka ukingoni. Ukikaribia ukingo zaidi ya hapo, pambo litameguka siku litakapotundikwa. Geuza kila kipande, na kwa kijiti cha meno andika nyuma jina la mtoto na mwaka. Hilo hufanyika sasa, kikiwa kibichi.

Kukausha ndiko penye mitihani. Katika oveni, nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa 2 hadi 3, na kila pambo ligeuzwe baada ya saa ya kwanza. Anayepandisha moto ili amalize mapema atapata malengelenge: ngozi ya juu inakauka ikiwa maji bado yamo ndani, maji yanageuka mvuke, mvuke unatafuta njia. Pasipo oveni, anika mahali penye hewa kwa siku 3 hadi juma zima, ukigeuza asubuhi na jioni, na zaidi kama hewa ina unyevu. Pambo lisilogeuzwa hukunjika kingo. Nyufa ndogo huzibwa kwa kinyunya kilichozimuliwa kwa maji, kikipakwa kwa kidole.

Utajuaje kwamba limekauka? Bonyeza katikati, upande wa nyuma, kwa ukucha. Likibonyea, bado. Lishike shavuni: likiwa la baridi kuliko meza liliyolazwa, maji yamo. Usipake rangi kabla ya hapo, kwa sababu rangi na vanishi hufungia unyevu ndani, na baada ya majuma machache ukungu hujitokeza. Mtu mzima ndiye apake vanishi, pande zote mbili pamoja na ndani ya tundu. Chumvi huvuta maji kutoka hewani, na pambo lisilofunikwa vizuri hulegea lingali limetundikwa.

Mtoto atataka kupaka rangi jioni ile ile. Atalia. Usimdanganye kwamba limekauka, wala usilikaushe kwa siri usiku ili umfurahishe asubuhi. Mpe alibonyeze mwenyewe, aseme mwenyewe “bado”. Paulo anaandika, “Bali tukikitarajia kitu tusichokiona, twakingojea kwa saburi” (Warumi 8:25), na mtoto anayekagua nyota yake kila asubuhi yumo ndani ya mstari huo, ingawa hawezi kuusoma. Kungoja kwa Simeoni na Ana hekaluni hakukuwa kukaa bure. Walikuwa na kazi ya kila siku, na macho yao mlangoni.

Tahadhari moja ambayo haina mjadala: kinyunya hiki si chakula. Kina chumvi nyingi kiasi cha kumdhuru mtoto mdogo, na mbwa anayekula mapambo hayo anaweza kufa. Kihifadhiwe juu, na yatundikwe juu vilevile.

Tuje kwenye hori. Mwaka 1223 Fransisko wa Asizi aliandaa hori yenye nyasi kavu huko Greccio, Italia, pamoja na ng’ombe na punda walio hai, ili watu waone kwa macho umaskini wa Bethlehemu. Luka hamtaji ng’ombe wala punda. Wametoka Isaya 1:3, “Ng’ombe amjua bwana wake, na punda ajua kibanda cha bwana wake.” Mtoto akiuliza, mwambie hivyo hivyo, watoto hawavunjwi moyo na ukweli.

Sanduku dogo la kadibodi linatosha kuwa hori. Wahusika hutengenezwa kwa yale mabomba magumu yanayobaki karatasi ya chooni ikiisha: sentimita 10 kwa Yusufu na wachungaji, 8 kwa Mariamu, na kitambaa cha mraba kilichofungwa kwa uzi kuwa kilemba au shela. Wataanguka kila mlango ukifungwa kwa nguvu, kwa kuwa uzito wote uko kichwani. Bandika donge la kinyunya cha chumvi ndani, chini kabisa, nao watasimama. Kipande chochote kinachopita ndani ya bomba kama hilo kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa hiyo Mtoto Yesu wenu awe mkubwa kuliko tundu lake, hata kama hatalingana na mama yake.

Hori ibaki tupu mpaka mkesha. Karibu yake weka kikombe cha nyasi: vipande vya karatasi ya manjano, au majani makavu yaliyokatwa sentimita 8. Kila tendo la upendo, unyasi mmoja ndani ya hori. Desturi hii ni nzuri, na inaharibika kwa urahisi sana. Kuna wanaotoa nyasi mtoto akikosea. Msifanye hivyo. Mtoto Yesu hakulazwa horini kwa sababu watu walikuwa wametenda mema ya kutosha. Alilazwa humo kwa sababu hawakupata nafasi, na akaja vilevile. Nyasi ni ukarimu wa kumkaribisha. Hazimlipii chochote. Tena, ndugu wasishindanishwe: hori ni moja, nyasi haziandikwi majina, na wazazi watie za kwao pia, wakisema kwa sauti ni za nini. “Huu ni wa baba, kwa kuomba radhi” hufundisha zaidi ya maelezo marefu.

Biskuti tunaziacha juma la mwisho. Kanuni ni rahisi kukumbuka: gramu 100 za sukari, 200 za siagi, 300 za unga. Piga siagi na sukari, changanya unga mpaka ushikane tu, kisha uache. Kukanda sana, ambako kwenye chumvi kulitusaidia, huku kunafanya biskuti ngumu. Mikono ya watoto ina joto, siagi inayeyuka, na biskuti zinatambaa kwenye trei hadi malaika na kondoo hawatofautiani. Funika donge, liweke kwenye friji nusu saa. Kata maumbo ya unene wa milimita 5. Rudisha trei kwenye friji dakika 10 nyingine kabla ya kuoka. Nyuzi 170, dakika 12 hivi, mpaka kingo tu zianze kugeuka rangi. Zikitoka huwa laini bado, na wengi hudhani hazijaiva wakazirudisha motoni. Ziache kwenye trei dakika 5, zitakaza.

Donge bichi lisiliwe, kwani unga mbichi unaweza kubeba vijidudu hata pasipo yai. Kwa kupambia, gramu 200 za sukari laini ya unga na vijiko vikubwa 2 vya maji au juisi ya limau. Ikidondoka kutoka kijikoni, mstari wake upotee baada ya sekunde 10. Nyepesi kuliko hapo itatiririka mezani. Karanga na njugu nzima ziwekwe mbali na walio chini ya miaka mitano, na asali isipewe kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka.

Biskuti nyingi zaidi zifungwe kwa ajili ya mtu ambaye hatarajii chochote, na mtoto ndiye apeleke. Lakini kabla ya kufunga, ale yake. Si haki kumfundisha ukarimu akiwa na njaa.

Mamajusi nao wasifike mapema. Waweke dirishani, mbali kabisa na hori, na wasogee kidogo kila siku hadi tarehe 6 Januari. Mathayo hasemi walikuwa wangapi, anataja tunu tu: dhahabu, uvumba na manemane. Kwa hiyo mkiwa na watoto watano, na kila mmoja ametengeneza mamajusi wake, wote watano wasafiri.

Sala ya kila jioni mbele ya hori iwe sentensi moja ambayo hata mdogo kuliko wote anaweza kuisema: “Bwana Yesu, njoo kwetu.”

Mamajusi wakishafika, ondoeni mapambo pamoja. Kila pambo la chumvi lifungwe kwa karatasi kavu, likaguliwe kama limelegea, kisha lipangwe kwenye boksi lenye kifuniko, mazito chini. Mifuko ya plastiki haifai, inakusanya unyevu. Lililolegea likaushwe tena kwa nyuzi 100 kabla ya kuhifadhiwa, isipokuwa kama lilipakwa vanishi; hilo lianikwe tu penye hewa, maana vanishi kwenye oveni hutoa moshi mbaya.