Naivasha ina ratiba yake, ifuateni

Watu wengi wa Nairobi huimaliza Naivasha kwa siku moja. Wanatoka alfajiri, saa tano wako kwenye mashua, saa nane wanachoma nyama, saa kumi na moja wako kwenye foleni ya kurudi, na usiku picha ziko mtandaoni. Sina ugomvi nao. Lakini ukiwa na watoto, na hasa ukiwa na mama mkwe, naona hapo umelipia ziwa ukapewa foleni.

Sisi tulienda likizo ya Agosti tukalala kwenye mahema: mimi, baba watoto, watoto watatu, na mama mkwe wangu. Watoto humwita Dani. Dani amezaliwa na kukulia Homa Bay, kwa hiyo ziwa lolote ambalo si Victoria kwake ni dimbwi lililojitahidi. Alikubali kuja kwa sharti la godoro la sponji, na nusu ya buti ya gari ikawa godoro. Vilivyobaki vilikuwa jiko la makaa, sufuria, unga, blanketi, na sweta nyingi kuliko nguo nyingine zote. Msinicheke kwa hizo sweta. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Agosti hapo si wa fulana. Kila mtoto alilala na marvin kichwani na soksi mbili mbili.

Kambi yetu ilikuwa kando ya barabara ya Moi South Lake, upande wa pili wa mashamba ya maua. Hapo hadi majini ni nyasi fupi chini ya migunga ile ya magome ya manjano, na kati ya nyasi na maji kuna waya wa umeme unaofika magotini. Mlinzi alitupa masharti kabla hata hatujashusha mizigo. Jua likizama, hakuna kuvuka waya. Ukikutana na kiboko, usisimame kati yake na maji. Mkate usiachwe nje. Sharti la mkate tulilidharau kwa muda mfupi sana, kisha tumbili akashuka, akachukua, akapanda nao juu na kuula akitutazama usoni.

Siku hiyo hiyo baba watoto alitaka mashua. Hesabu yake ilikuwa nzuri: tumefika, jua lipo, watoto wana hamu, na mwenye mashua yuko tayari kupunguza bei. Ilikuwa saa tisa. Dani alikuwa ameketi kwenye kiti cha turubai, miguu juu ya kreti ya soda, anatazama maji. Akasema bila kugeuka, "Wewe mtoto, huoni yale meupe?" Mbali, katikati ya ziwa, vichwa vya mawimbi vilikuwa vimeanza kuvunjika. Mwenye mashua akasema hayo ni madogo. Dani akamwambia, "Baba, basi nenda peke yako, sisi tutakuangalia." Hakwenda.

Nusu saa baadaye upepo ulikuwa unavuta kamba za hema, mafunjo yamelala upande mmoja, na maji yaliyokuwa ya buluu yamekuwa ya kijivu, yanapiga gati kwa hasira. Kila alasiri tuliyokuwa pale ilikuwa hivyo. Asubuhi ziwa limelala. Jua likishaipasha ardhi joto, upepo unaamka, na jioni unatulia tena. Ukijua hilo, siku yako inajipanga yenyewe: yote ya majini ni kabla ya saa nne, na alasiri hupangi kitu.

Basi tulipanda mashua kesho yake saa kumi na mbili na nusu, kila mmoja na jaketi lake la kuokolea. Dani alilikagua la kila mjukuu kwa kulivuta mabegani. Mvuke ulikuwa bado juu ya maji. Tulipita katikati ya msitu wa miti iliyokufa imesimama ndani ya ziwa, kila tawi na mnandi wake aliyetandaza mabawa yakauke. Miti hiyo ilikuwa nchi kavu. Maji ya Naivasha yalipanda mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2020 yaliingia hadi kwenye nyumba za watu mtaa wa Kihoto. Nahodha alituonyesha paa la banda linalochungulia juu ya maji, akasema aliwahi kunywa chai hapo. Mtoto wa kati akauliza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Nusu ya kwanza ni rahisi: Mto Malewa, Mto Gilgil na mvua. Nusu ya pili ndiyo tamu. Hakuna mto hata mmoja unaotoka katika ziwa hili, na bado maji yake ni baridi, hayana magadi kama ya jirani zake Nakuru na Elementaita. Sababu ni kwamba yanapenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi yake. Dani aliyapokea maelezo haya kwa heshima, akachovya kidole, akaonja, akasema, "Haya."

Halafu nahodha akafanya kile wanachokifanya wote hapa. Alitoa samaki mdogo kwenye ndoo, akavunja kipande cha bua la funjo, akakichomeka mdomoni mwa yule samaki hadi tumboni ili aelee, kisha akapiga mluzi na kumrusha. Juu ya mti mkavu, mbali kiasi kwamba mimi sikuwa nimemwona, tai mla samaki aliinuka. Kichwa cheupe, mwili wa kahawia nyekundu. Alikuja chini sana, bila kupiga bawa, na mita chache kutoka kwenye mashua akatanguliza miguu, kucha zikafunga, matone yakamfuata angani. Kifungua mimba alikuwa ameshika simu na hakupiga picha. Kitinda mimba aliuliza kama yule ndege ameajiriwa. Nimelifikiria swali hilo mara kadhaa. Sipendi sana kumzoesha mnyama wa porini kuitwa kwa mluzi, lakini nikisema sikufurahi nitakuwa nadanganya.

Viboko tuliwaona kwa mbali, masikio na pua tu. Nahodha alikata injini mapema, wala hakusogea tulipomwomba asogee. Hiyo ndiyo alama ya nahodha wa kumlipa.

Lakini kiboko mwenyewe anataka usiku. Mchana hukaa majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua. Giza likiingia anapanda kuchunga, na anaweza kumaliza kilo 40 za nyasi kabla ya asubuhi. Kitinda mimba aliniamsha usiku wa manane anataka choo. Nilifungua zipu ya hema kidogo, nikawasha tochi, na ng'ambo ya waya palikuwa na kitu nilichodhani ni jiwe. Jiwe likatafuna. Hatumii meno ya mbele kukata nyasi, anatumia midomo. Midomo ile mipana inabana, kichwa kinayumba pembeni, na nyasi zinang'oka kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Halafu hatua moja. Halafu tena. Masikio madogo yanazunguka muda wote, kila moja kivyake. Mwanga haukumsumbua hata kidogo, mimi ndiye niliyeuzima kwa adabu. Kutoka hema la pili Dani akanong'ona, "Mama Imani, usitoke. Mpe mtoto ndoo." Kumbe alikuwa macho anamsikiliza muda wote.

Tulitumia ndoo.

Hifadhi ya Hell's Gate tuliiwekea asubuhi nzima, na Dani akabaki kambini na kitinda mimba kwa hiari yake. Kiingilio hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, ile tovuti ya serikali, kwa hiyo malizeni hilo mkiwa na mtandao mzuri. Baiskeli tulikodi karibu na lango la Elsa. Jaribuni breki mbele ya mwenyewe, na zungusheni pedali mpaka mhakikishe mnyororo hauruki. Ya kwanza tuliyopewa iliruka, ikabadilishwa bila maneno. Hifadhi hii si kubwa, kilomita za mraba 68, na ni miongoni mwa chache nchini ambako unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Kwa watoto waliozoea kuambiwa wasitoe kichwa dirishani, hilo si jambo dogo. Punda milia walituacha tukaribie, kisha wakahama kidogo kwa uvivu. Familia ya ngiri ilivuka njia mikia juu. Twiga alisimama mbele yetu, na hatukuwa na la kufanya ila kushuka na kumngojea. Tulipoona nyati upande wa majabali tulishuka pia, lakini kwa sababu nyingine, na hatukusonga hadi walipokwisha kupita.

Karibu na lango kuna Fischer's Tower, nguzo ya mwamba wa volkano iliyosimama peke yake, yenye jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyepita hapa mwaka 1883. Pimbi wamejaa chini yake na hawana haya. Upande wa Olkaria unaona mvuke unapanda kutoka ardhini na mabomba yanayoupeleka kwenye mitambo. Kituo cha kwanza cha umeme wa mvuke pale kilianza kazi mwaka 1981. Kifungua mimba alikuwa amesoma habari hizo shuleni na alifurahi kugundua kwamba hazikutungwa na mwalimu.

Kwenye lile bonde jembamba la Ol Njorowa hatukushuka. Baba watoto alitaka, mimi nilikataa, na hapa sikuhitaji msaada wa Dani. Mwaka 2012 na tena mwaka 2019 mafuriko ya ghafla yaliwaua watu waliokuwa wakitembea mle ndani. Mvua inaweza kunyesha mbali, nyinyi mkiwa juani, na maji yakawafikia katikati ya kuta mbili zisizopandika. Na watoto? Hapana. Juu kuna mengi ya kutosha.

Saa sita tulikuwa tumerudi kambini, vumbi hadi kwenye kope. Dani alikuwa amefika ufuo wa Karagita na mlinzi aliyekuwa zamu ya mapumziko, akanunua tilapia. Alinieleza kwa kirefu jinsi alivyomfunua kila samaki matamvua kuona kama ni mekundu, akabonyeza tumbo, akarudisha wawili, na muuzaji akamwita mama wa ziwani. Aliwachemsha kwa nyanya na kitunguu, bila mafuta, na ugali. Mwishowe alitamka kwamba samaki wa hapa si wabaya. Kutoka kwake hiyo ni medali.

Na alasiri? Hakuna. Nawaambia hivi kwa sababu ndiyo sehemu ambayo watu hawaiwekei siku. Upepo ulivuma, baba watoto alilala chali chini ya mgunga na gazeti usoni, watoto wakacheza kati na wenzao wa hema la jirani kwa mpira wa karatasi za nailoni, kisha bano, kisha wakagombana, kisha wakapatana bila kuamuliwa na mtu. Kifungua mimba, ambaye nyumbani humwoni bila simu, aliiacha ikazima chaji na hakuuliza pa kuichajia mpaka kesho yake. Mimi nilisuuza vyombo polepole kuliko nilivyowahi kusuuza vyombo maishani, nikitazama mwari wakijaribu kutua kwenye mawimbi.

La mwisho ni siku ya kurudi. Msirudi Jumapili alasiri. Sisi tuliondoka Jumatatu baada ya chai, tukapita barabara ya chini, ya Mai Mahiu, na malori yalikuwapo lakini yalikuwa yanatembea. Kwenye mteremko mkali tulisimama kwa kile kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942. Watoto walikimaliza kwa dakika mbili. Dani aliingia, akakaa kwenye benchi, akasali sala yake ndefu, akatoka na kumuuliza kijana wa pale nje mahindi choma ni bei gani, na mbona hili limeungua upande mmoja.