Unga wa chapati ulinidanganya

Injini ni ya cc 150, silinda moja, niliyoitoa kwenye boda iliyokatika fremu hapa Busia. Hedi (kifuniko cha juu ya silinda) niliipeleka Katwe, Kampala, ikasagwa milimita 0.8 ili mgandamizo upande, nikavisha na kamu (shafti inayosukuma valvu) inayoinua valvu juu zaidi. Nikarudi na furaha ya mtu ambaye hajapima bado.

Kupima nafasi kati ya pistoni na valvu, ili zisigongane, si kazi ngumu. Unabandika kitu laini juu ya pistoni, unafunga hedi, unazungusha kranki kwa spana mizunguko miwili (kamu huzunguka mara moja tu hapo), unafungua, unakata kile kitu kwa wembe na kupima unene. Udongo wa kuchezea watoto ndio unaofaa. Sikuwa nao. Jirani yangu anauza rolex (chapati iliyokunjwa na mayai), akanimegea donge la unga. Upande wa valvu ya moshi nikapata milimita 1.9. Safi!

Mzee tunayegawana naye kibanda akacheka. "Kijana wangu, huo unga si unarudi?"

Kweli. Kila anayesukuma chapati analijua hilo. Kesho yake nikaomba udongo wa binti yangu: valvu ya moshi 0.9, ya hewa 1.8. Mimi ya moshi siikubali chini ya 1.5. Hupata moto ikarefuka, na injini ikikimbia sana springi huchelewa kuirudisha huku pistoni inaipandia kwa chini.

Ila kilichoninyima usingizi ni ile tofauti. Hedi imeshuka sawa pande zote, mbona anayebanwa ni mmoja? Jibu lilikuwa kwenye cheni inayozungusha kamu kutoka kwenye kranki. Hedi ikishuka, kamu iliyo ndani yake inaikaribia kranki. Upande wa cheni unaovuta unafupika, tenshena (kikaza cheni) inakula ulegevu upande wa pili, na kamu inabaki nyuma. Gia yangu ya kamu ina meno 32, kila hatua ya cheni milimita 6.35, kwa hiyo ile 0.8 ni digrii 1.4 za kamu, karibu 3 za kranki. Valvu ya moshi inachelewa kufunga pistoni ikiwa njiani kupanda. Ya hewa inachelewa kufungua, ndiyo maana ilikuwa imestarehe. Kurusha jino moja ni wazimu, hiyo ni digrii 22.5 nzima za kranki.

Nikapanua matundu ya bolti za gia kwa tupa ya mviringo, nikaisogeza kamu mbele. Kilele cha pistoni, pale inapofika juu kabisa, sikukikisia kwa jicho: nilitia kizuizi kwenye tundu la plagi, nikasoma digrii za kranki pistoni ilipogota huku na ilipogota kule, nikashika katikati. Bolti nikazipaka gundi, maana matundu mapana hayasamehe.

Moshi 1.2, hewa 1.5. Bado. Mtu akanishauri niweke gasketi mbili chini ya bloku. Nikakataa: waya laini wa risasi uliobanwa humo ulikuwa umenionyesha 1.0 kati ya ukingo wa pistoni na hedi, na nafasi hiyo ndiyo niliyoilipia Katwe. Nilipima kwanza unene wa kichwa cha pistoni, kisha nikaenda kuchimbisha mfuko wa valvu ya moshi, kile kishimo cha juu ya pistoni, kwa 0.5. Udongo ukasema 1.7.

Ikashika kwa kiki ya tatu. Sasa nikivuta mkono wa mafuta ghafla inakohoa kwenye kabureta, na hiyo ni kazi ya Jumamosi.