Siku moja maishani mwangu: Honda ya Mwalimu yapata injini nyingine

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Banda langu la kutengeneza pikipiki liko Busia, upande wa Uganda, karibu na barabara ambayo matrela hupanga foleni kungoja kuvuka mpaka. Siku nyingi kazi yangu ni Boxer na TVS za watu wa boda: kebo ya klachi, breki shuu, cheni iliyolegea. Leo nimewaambia vijana wa steji mapema kwamba kabla ya saa sita wasiniletee kazi kubwa. Kuna Honda C70 katikati ya sakafu na nataka isikie petroli kabla jua halijazama.

Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Aliinunua mwanzoni mwa miaka ya themanini, akafundishia nayo, akaoa nayo, akapelekea watoto kliniki nayo. Injini ilipokufa aliisukuma chini ya ghala la mahindi, na huko ikakaa mpaka kuku wakazoea kutaga kwenye kiti. Bado ina namba ya kizamani, ile isiyo na herufi mwishoni. Watoto wa mtaani wakiiona wanaiita skuta, kwa sababu unapitisha mguu katikati badala ya kuurusha juu ya tangi. Si vibaya, waite tu.

Fremu tulishaimaliza. Ni ya bati lililokandamizwa, si mabomba, kwa hiyo kutu yake hujificha ndani. Ilikuwa imekula kisanduku cha betri, tukakata, tukachomelea bati jipya, tukapiga msasa na rangi. Tairi ni mpya, 2.50 kwa 17. Rimu za Boxer nazo ni za inchi 17, na kila anayepita ananiuliza kwa nini nisiweke tu tairi za Boxer. Za Boxer ni 2.75 mbele na 3.00 nyuma. Ni nene mno kwa madigadi haya.

Saa mbili

Injini mpya inatoka kwenye katoni. Ilikuja na basi kutoka Kampala, kilomita zipatazo 200, imefungwa kamba za katani. Ni ya Kichina, ya sisi 107 (cc, yaani ukubwa wa silinda), ingawa kwenye kava wameandika 110.

Wapo mafundi wanaoona hii ni dhambi. Rafiki yangu mmoja wa ng'ambo ya mpaka aliponisikia aliguna: Honda halisi unaitia moyo wa Mchina? Mimi nilishaifungua injini ya zamani. Beringi ya krenki ilikuwa imezunguka ndani ya makazi yake mpaka ikala aluminiamu ya krankikesi, yaani ganda la injini. Hapo ringi mpya na pistoni mpya hazisaidii kitu, na hapa hakuna wa kuitengeneza krankikesi ile ikarudi kwenye kipimo chake. Mwalimu hataki pikipiki ya kuangaliwa. Anataka ya kumfikisha kanisani na shambani.

Isitoshe, huyu Mchina ni wa ukoo. Honda walitoa Super Cub ya kwanza mwaka 1958, ikiwa na injini ndogo ya sisi 49 na klachi inayojishika yenyewe. Husimuliwa kwamba Fujisawa, aliyekuwa mshirika wa Soichiro Honda upande wa biashara, alitaka chombo ambacho kijana wa kupeleka tambi angeweza kukiendesha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika sinia. Kufikia mwaka 2017 walikuwa wameshatengeneza Super Cub milioni 100. Kitu kinachouzwa hivyo lazima kiigwe, na viwanda vya China viliiga injini ile ya kulala, ambayo silinda yake inatazama mbele, pamoja na matundu yake ya kufungia. Ndiyo maana injini ya juzi inakaa kwenye fremu ya miaka arobaini bila kuchomelea chochote.

Jambo moja tu la kuangalia unaponunua: ziko zenye klachi ya mkono na ziko za otomatiki. Usukani wa C70 hauna wenzo wa klachi. Ukinunua ya mkono umenunua mzigo. Yetu ni ya otomatiki, giya nne, ya kupigwa kiki. Stata ya umeme tuliiacha, maana inataka betri kubwa na kisanduku hiki kinapokea ndogo.

Kabla ya kuinua nafungua kava mbili za vali na kupima tapeti, ile nafasi ndogo juu ya vali. Kipimo ni milimita 0.05, yaani fila geji (bati la kupimia nafasi) nyembamba kabisa kwenye seti yangu, na ipite kwa kukwaruza kidogo. Ya ekzosi ilikuwa imebana. Injini mpya, ndiyo, lakini nani aliifunga na alikuwa na haraka gani, sijui. Nakagua oili pia: kavu. Namimina 20W-50, chini ya lita moja.

Kisha kijana wangu anainua kutoka chini, mimi naelekeza. Boliti mbili ndefu, wosha, nati. Akaniuliza, "Fundi, basi?" Basi. Sehemu ambayo watu wote wanaiogopa imekwisha kabla chai haijapoa. Kitako cha kukanyagia miguu kinafungwa chini ya injini kwa boliti nne, na matundu yake yapo pale pale.

Saa tatu na robo

Boxer mbili, kebo na plagi. Mmoja analipa, mwingine anasema jioni.

Saa nne hadi saa saba

Sasa kazi yenyewe. C70 hii ni ya volti 6, cheche yake inatolewa na pointi, vyuma viwili vinavyogusana na kuachana. Injini mpya ni ya volti 12 na CDI, kisanduku cha elektroniki kinachofanya kazi hiyo ya pointi. Huwezi kuunganisha tu ukaomba Mungu. Betri inabadilishwa, balbu zote, rilei ya indiketa, honi. Balbu ya volti 6 ukiipa 12 inang'aa vizuri sana kwa muda mfupi sana.

Raha ni kwamba Wachina waliiga mpaka rangi za nyaya. Kijani ni ethi, wa kurudisha umeme kwenye fremu, kwenye Honda ya zamani na kwenye injini hii. Mwekundu ni betri. Kutoka kwenye sumaku ya injini zinashuka nyaya tano za kuzingatia. Mweusi wenye mstari mwekundu unalisha CDI. Wa bluu wenye mstari mweupe unaiambia CDI wakati wa kuchoma. Wa manjano ni wa taa, mweupe ni wa kuchaji, na wa tano ni kijani, ambao nimeshautaja. Wa manjano na mweupe zinapitia kwenye reguleta, kipande cha aluminiamu chenye mapezi kinachozuia umeme usizidi, na hicho lazima kikae mahali penye upepo. Nimekifunga chini ya fremu, nyuma ya ngao ya miguu. Kuna fundi mmoja alikificha ndani ya kisanduku cha betri ili pikipiki ionekane nadhifu. Kikaungua na betri.

CDI inapeleka moto kwenye koili kwa waya mweusi wenye mstari wa manjano. Unabaki mweusi wenye mstari mweupe, ambao ukigusana na fremu injini inazima. Huo ndio unaopelekwa kwenye swichi ya funguo. Ukiusahau, injini itawaka na haitazimika mpaka uchomoe waya wa plagi huku wateja wanacheka.

Nyaya za zamani tulizivua zote. Zilikuwa zimekauka, ukizikunja ganda linapasuka. Nilimpa kijana wangu kazi ya kuchora kwenye daftari kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi, kisha akatengeneza mpya kwa solda, si kwa kuzungusha na kufunga utepe. Anachukia solda, lakini barabara zetu za marramu hutikisa kila kilichozungushwa tu mpaka kikachomoka. Saa tano na nusu umeme wa mtaa ukakatika, pasi ya solda ikapoa mkononi mwake, akanitazama kwa furaha ambayo hakuificha. Nikampa jiko la mkaa na pasi ya zamani ya shaba. Akaendelea.

Saa saba kasoro tunachomoa plagi, tunaiegemeza kwenye hedi, anapiga kiki. Cheche ya bluu, nene, yenye sauti. Sawa.

Saa saba

Roleksi mbili, chapati zilizoviringishwa na mayai, kwa Mama Chapati, zenye nyanya nyingi na kabeji. Nakula nikiwa nimesimama, mikono imeshikilia karatasi tu.

Saa nane

Petroli ilinichukua muda mrefu kuliko injini nzima.

Kwenye C70, koki ya petroli haiko kwenye tangi. Imejengwa ndani ya kabureta, chini pembeni. Kutoka kwenye tangi, ambalo liko chini ya kiti, zinashuka paipu mbili nyembamba: moja imesimama juu ndani ya tangi, ndiyo ya kawaida, na nyingine inanyonya chini kabisa, ndiyo ya akiba. Kabureta ya zamani inapokea zote mbili na koki inachagua. Kabureta mpya ina mdomo mmoja na haina koki.

Wengi huziba paipu moja, wanaweka nyingine, wanaondoka. Inafanya kazi, ila hakuna akiba. Mwalimu ana miaka zaidi ya sabini na shamba lake liko mbali na kituo cha mafuta, sitamwacha asukume. Nimeweka koki ndogo kwenye kila paipu, mbili zimekaa sambamba upande wa kushoto ambapo mkono unafika bila kushuka. Chini yake kiungo cha herufi Y, kisha chujio la kioo, kisha kabureta. Ya mbele ni safari, ya nyuma ni akiba. Nimeipaka ya nyuma rangi nyekundu.

Halafu hewa. Honda waliiweka hewa iingie juu, karibu na shingo ya usukani, mbali na vumbi. Injini ya katoni ilikuja na chujio la kuvutia, la umbo la pia, la kufungwa moja kwa moja kwenye kabureta, chini kule kwenye vumbi lote la tairi la mbele. Vijana wanalipenda. Nimelitupa kwenye ndoo na kuunganisha mpira kutoka kwenye kabureta hadi kwenye kisanduku cha hewa cha zamani. Ilinibidi nikate plastiki ya ngao kwa ndani, upana wa vidole viwili, ili mpira upite. Kwa nje huoni.

Cheni ni ya 420, spoketi ya mbele ina meno 15. Nikaweka rula ndefu ya chuma kutoka spoketi hadi spoketi kuona kama zimenyooka. Zimenyooka.

Saa tisa na nusu

Mwalimu amefika kwa boda, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Anatuamkia wote, anakaa kwenye kreti, hasemi neno. Nafungua koki ya mbele, nasubiri chujio lijae, navuta choki. Kijana anapiga kiki. Inakohoa, inakataa. Tena. Inashika, juu mno, nazungusha skrubu ya mzunguko mpaka inatulia.

"Sauti si yake," anasema Mwalimu.

"Si yake, Mwalimu. Hii ni sisi mia na kitu. Ile ilikuwa sabini na mbili."

"Basi itaniangusha."

Hiyo hofu ninaikubali, na ndiyo iliyofanya nikatae ile ya 125 ambayo mkwe wake aliitaka. Breki za C70 ni ngoma ndogo. Nguvu ya kukimbia unaweza kuinunua kwenye katoni, ya kusimama hapana.

Saa kumi

Mimi kwanza, peke yangu, barabara ya Majanji. Giya ya kwanza inaingia kwa kukanyaga pedali mbele kwa ncha ya mguu tu, klachi inashika yenyewe bila kurusha. Ya pili, ya tatu. Ya nne ndiyo mpya kwa chombo hiki, na hapo injini inashuka sauti na kutulia. Sikuizidisha, injini mbichi haikimbizwi. Nilipobana breki ya mbele pua ikapanda badala ya kuzama, kama inavyofanya kila Honda ya aina hii yenye vikono vifupi vinavyotangulia mbele kushika gurudumu. Ukizoea Boxer unashtuka.

Kisha Mwalimu. Akapanda taratibu, akazunguka uwanja wa nyuma ya banda, akaenda mpaka kwenye miembe, akarudi akiwa amesimamisha shingo. Nikamweleza kuhusu giya: ukiwa umesimama ya nne inarudi nyutro, usikanyage ovyo. Akanitazama kama mwanafunzi aliyechelewa.

Saa kumi na moja

Mambo ya karatasi. Namba ya injini iliyoko kwenye logibuku, kitabu cha usajili, si ile iliyopigwa kwenye krankikesi hii, na askari wa trafiki anayejua kazi yake atainama aangalie. Nimempa Mwalimu risiti ya duka, nimemwambia asiende mbali kabla namba haijabadilishwa rasmi. Baada ya wiki ya kwanza aje nimwage oili, itakuwa na unga wa chuma.

Tukamaliza hesabu bila kelele. Kelele ilikuja kwenye honi. Akabonyeza, akabonyeza tena, akauliza ya kwake iko wapi. Nikamwambia ile ni ya volti 6, hii ni ya 12.

"Mwanangu, hii ni ya boda. Mimi sibebi abiria."

Nikaitafuta ile ya zamani kwenye ndoo, nikaisafisha diafragmu. Nikaunganisha ukinza, kifaa cha kupunguza umeme, mbele yake, nikaijaribu kwenye betri mpya, ikatoa ule mlio wake mnene wa ng'ombe. Akasema hiyo. Nimemwomba aiache chombo hadi Alhamisi, kwa sababu huo ukinza unapata moto na unahitaji pa kufungiwa, na kijana wangu ameshaanza kufungua gia boksi ya mtu mwingine.