Paris, kwa njia ya vibonzo

Galerie Véro-Dodat ni uchochoro wa maduka ulioezekwa vioo, hatua chache kutoka Louvre. Bei za humo zinatosha kumrudisha mtu barabarani. Katika miaka ya 1830 hapo palikuwa na duka la Aubert, lililouza vibonzo vya siasa, na wapita njia walisongamana dirishani kuvitazama bure. Asiyejua kusoma naye alicheka. Nadhani hilo ndilo lililoitia serikali hofu kuliko maandishi.

Charles Philipon, mwenye magazeti La Caricature na Le Charivari, alishtakiwa mwaka 1831 kwa kumdhihaki Mfalme Louis-Philippe. Mbele ya mahakama akachora kichwa cha mfalme mara nne, kila mchoro ukizidi kufanana na tunda la pea, akauliza afungwe kwa upi. Alifungwa, lakini mapea yakaanza kuchorwa kwenye kuta za mji.

Nikavuka mto Seine hadi makumbusho ya Musée d'Orsay. Watu walikuwa wamejazana kwa Van Gogh. Kwa Honoré Daumier, mchora vibonzo wa Philipon, nilikuwa karibu peke yangu. Vichwa vyake vya udongo ni vidogo, vimepakwa rangi: wabunge na wakubwa wa enzi hiyo, pua zimevimba, midomo imelegea. Huyu naye alionja jela mwaka 1832, kwa kumchora mfalme kama jitu linalolishwa fedha za maskini.

Jioni nikaenda Rue Beaubourg. Rue Transnonain niliyoitafuta ilimezwa na barabara hiyo. Aprili 1834, wakati wa maasi, askari waliingia nyumba namba 12 wakaua wakazi. Daumier akachora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe la chapa: mwanamume mwenye kanzu ya kulalia ameanguka kando ya kitanda, chini yake mtoto mchanga. Hakuna pua ndefu wala pea. Mimi mchoro huo siuiti kibonzo.

Septemba 1835 ikaja sheria: hakuna mchoro kuchapwa bila kibali. La Caricature lilikufa mwaka huohuo. Daumier akawageukia mawakili, kisha wapangaji na wenye nyumba, na kwa mtu aliyewahi kupanga chumba Kariakoo, vibonzo hivyo ndivyo vinavyovunja mbavu.