Kaka, vya zamani vinahama?

Mwongozo wa seva zetu za OpenIndiana, mfumo endeshi wa kompyuta, umekamilika leo hapa ofisini Kijitonyama. Ukurasa ulionila muda ni wa wachapishaji wa programu. Kila mchapishaji ana jina, mfano openindiana.org, na hazina anakotoa vifurushi vya programu. Kifurushi kipya kikipatikana kwa wawili, mfumo unachukua cha aliye juu kwenye foleni. Amri ya pkg publisher huionyesha foleni hiyo.

Dogo wa zamu akauliza, "Kaka, nikimpandisha mchapishaji huyu juu, vya zamani vinahama kwake?"

Havihami! Kwa kawaida kilichokwisha kusakinishwa hupokea masasisho kwa mchapishaji wake yuleyule. Nimeuweka mstari huo kwa herufi nzito.

Jina la mchapishaji wetu wa ndani tumelipa mtindo wa anwani ya tovuti, lisigongane na la wengine. Atakayeliita "majaribio2" tutagombana.