Lori limesimama, mimi ndiye niliyeanguka

Miaka yote niliogopa ajali za barabarani. Sikuwahi kufikiri kwamba ningeumia gari likiwa limeegeshwa na injini imezimwa.

Ilikuwa alfajiri, mvua imekatika muda si mrefu. Nilikuwa nimekaa kwenye usukani saa tano mfululizo. Nikafungua mlango, karatasi za mzigo na simu mkononi, nikashuka nikiwa nimeligeuzia lori mgongo. Kidato cha chini cha kupandia kebini kilikuwa na utelezi wa matope na dizeli, ambavyo nilivipandisha mwenyewe kwa viatu vyangu. Mguu ukachomoka, nikatua ukingoni mwa shimo na kifundo cha mguu kikapinda kwa ndani. Picha ilionyesha mfupa mzima, ila kano zilikuwa zimechanika. Nilitembelea magongo wiki sita.

Niliporudi kazini nilikuwa na woga, na nadhani woga ule ulinifaa. Sasa kabla ya kushuka nanyoosha miguu kwanza, maana ukikaa muda mrefu inakufa ganzi na magoti hayakutii. Nachungulia chini nijue nakanyaga wapi. Kisha nageuka, uso ukitazama kebini, na sehemu tatu za mwili zinabaki zimeshika lori muda wote: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Usukani siushiki, kwa sababu unazunguka, nashika vishikio. Karatasi naziacha sakafuni karibu na mlango, nazichukua nikishafika chini. Hapo ndipo palinisumbua zaidi, kwa kuwa mkono umezoea kubeba.

Kidato chenyewe kilikuwa kimelika hadi kikawa laini kama sahani. Nilimwandikia msimamizi, nikaeleza nilivyoanguka, na baada ya kukumbushia mara mbili fundi akachomelea bati lenye meno. Laiti ningeandika kabla ya kuumia.

Juzi utingo mgeni aliruka kutoka juu ya tela, mita moja na ushee, akatua kwa visigino. Hakuumia. Ila ukiruka hivyo, magoti na vifundo hupokea uzito unaozidi wa mwili wako mara kadhaa.

"Mdogo wangu, panda tena," nikamwambia.

"Kaka, si nimeshafika chini?"

"Panda, halafu ushuke ukiwa umeligeukia gari."

Akapanda. Nikasimama pale pale hadi miguu yake yote miwili ilipogusa ardhi.